Tija ya Mtu na Tija ya Chombo: Neno Moja katika Machimbo ya Shinyanga na Geita

Katika ofisi zetu hupita siku hizi nyaraka za aina ambayo wafasiri wa kizazi kilichopita hawakuijua. Waraka hueleza kwamba mamlaka fulani inakusudia kujenga mfumo wa kompyuta wa kuwahudumia wananchi kwa njia ya intaneti. Hutaja lugha mbili tatu za programu zinazoshindana sokoni. Kisha hudai kwamba waundaji wa programu wanaotumia lugha ya kwanza huwazidi mara mbili wale wanaotumia ya pili. Huwazidi kwa kitu gani? Hapo ndipo kalamu ya mfasiri husimama. Mmoja huandika uzalishaji, wa pili ufanisi, wa tatu tija. Afisa anayezipokea tafsiri hizo hudhani ameletewa madai matatu mbalimbali, na huenda akaidhinisha fedha za umma kwa dai ambalo mwandishi wa asili hakulitoa kamwe.

Makala haya yanakusudia kulichunguza tatizo hilo kwa njia ya historia. Hatutaanzia kwenye chumba cha kompyuta, bali kwenye mashimo ya dhahabu ya Geita na Kahama. Kuyalinganisha matunda ya kazi ya watu wanaotumia vyombo vinavyoshindana si jambo geni kwa wasemaji wa Kiswahili. Mchimbaji wa Nyarugusu au Rwamgasa hulikabili kila aamkapo, na maneno anayoyatumia yanatufunza mengi. Makosa ya wale waliojaribu kumpima yanatufunza zaidi.

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe. Uzalishaji umetokana na kitenzi zaa, kwa kupitia zalisha. Wazee wanakumbuka kwamba mzalishaji kwa asili ni mkunga: hazai yeye, bali humsaidia anayezaa. Maana ya kiuchumi imekuja baadaye, na inahusu jumla ya kilichopatikana: pamba kiasi gani, almasi kiasi gani, dhahabu kiasi gani. Ufanisi ni wa ukoo wa fana, nao unahusu jambo lililokwenda vizuri pasipo kupoteza kitu bure. Tija tumeipata kutoka Kiarabu, nayo ni ndugu wa natija, yaani tokeo la jambo. Katika mazungumzo ya kawaida tija haina kipimo ndani yake. Mtu husema mkutano ule haukuwa na tija, na hakuna anayemwuliza ni tija ya kiasi gani kwa saa.

Kipimo kiliingia kwa mlango wa mishahara. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, Profesa H. A. Turner, aliyeletwa kwa msaada wa Shirika la Kazi la Kimataifa, aliiandikia Serikali taarifa juu ya mishahara na mapato, na Serikali ikatoa Waraka wake Namba 4 wa mwaka huo. Hoja kuu ilikuwa kwamba mishahara isipande upesi kuliko kile anachokitoa mfanyakazi mmoja kazini. Wazo hilo si la jumla. Ni la uwiano. Kilichopatikana kinagawanywa kwa idadi ya watu waliokifanyia kazi, au kwa saa walizotumia. Inafurahisha kukumbuka kwamba Baraza la Kiswahili la Taifa nalo liliundwa kwa Sheria Namba 27 ya mwaka huo huo. Taifa lilikuwa likitafuta namna ya kupima kazi wakati lilipokuwa likitafuta namna ya kusanifu maneno, na katika miaka iliyofuata tija ndiyo iliyozidi kupewa mzigo wa uwiano huo. Lakini haikuacha maana yake ya zamani. Ndiyo sababu hata leo waraka mmoja waweza kulitumia neno hilo ukurasa wa kwanza kwa maana ya faida tu, na ukurasa wa tano kwa maana ya kilo kwa kila mtu kwa kila siku.

Sasa twende Geita. Wajerumani walijua habari za dhahabu ya kusini mwa Ziwa Viktoria tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, lakini mgodi mkubwa wa Geita ulianza kazi katika miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1966. Katika miaka ile thelathini hivi, kwa kuchimba chini ya ardhi, ulitoa karibu wakia milioni moja. Mgodi wa sasa, uliofunguliwa mwaka 2000, umekuwa ukitoa katika miaka mingi zaidi ya wakia 400,000 kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo yale ya miaka thelathini hupatikana kwa miaka miwili au mitatu. Je, tuseme kwamba mchimbaji wa leo ni hodari mara kumi kuliko babu yake? La hasha. Babu alifuata mshipa wa mawe kwa patasi na baruti. Mjukuu huendesha gari linalobeba mwamba tani nyingi kwa safari moja, kutoka katika shimo lililo wazi, na katika kila tani ya mawe hayo mna gramu chache tu za dhahabu. Kilichobadilika ni chombo, ukubwa wa mtaji, bei ya dhahabu duniani na kiwango cha mawe yanayostahili kuchimbwa. Uhodari wa mtu, kwa kadiri tunavyoweza kuujua, haukupimwa hata kidogo.

Kando ya migodi mikubwa wapo wachimbaji wadogo, na huko ndiko mashindano ya vyombo yanakoonekana kwa macho. Mchimbaji hutoa mawe katika duara, yaani shimo lake, na kuyatia katika mifuko. Mawe hupelekwa kwenye karasha. Neno hili la Kiingereza limekwisha kuwa letu kabisa, na mafundi hulitumia hata kwa mtambo unaosaga kwa mipira ya chuma, ambao kwa hakika hauvunji mawe bali huyafanya unga. Unga huoshwa kwenye mwalo. Msomaji wa kandokando ya ziwa atashtuka, kwa kuwa kwake mwalo ni mahali mitumbwi inapotia nanga na samaki kuuzwa. Lakini katika nchi ya dhahabu mwalo ni mahali pa kuchenjulia. Maneno hayo mawili huishi wilaya moja bila kugombana, na nyaraka za mazingira huyataja yote mawili. Mfasiri asiyejua atampeleka mkaguzi wa zebaki kwa wavuvi.

Mchanga mzito uliobaki juu ya magunia ya mwalo hutiwa katika karai pamoja na zebaki. Zebaki hushikamana na chembe za dhahabu. Kinyama hicho hukamuliwa katika kitambaa, kisha huchomwa motoni mpaka zebaki iondoke kwa moshi. Njia hii haihitaji mtaji mkubwa, hufanyika siku moja, na mtu hurudi nyumbani na kitu mkononi. Kasoro yake, mbali na kuwatia sumu wanaoichoma na watoto wanaocheza karibu, ni kwamba huipata dhahabu iliyo huru tu. Ile iliyofungika ndani ya mawe hupita pamoja na maji. Aghalabu zaidi ya nusu ya dhahabu iliyokuwamo katika mawe hubaki katika mchanga uliooshwa.

Mchanga huo wachimbaji huuita marudio. Naomba msomaji asimame kidogo kwenye neno hili, kwa kuwa ni miongoni mwa maneno mazuri yaliyozaliwa machimboni bila kamati yoyote. Wataalamu wangeliita takataka, masalia au makapi. Mchimbaji aliliita marudio, kwa maana dhahabu ingalimo na mtu atarudi kuitafuta. Anayerudi si yeye. Ni mwenye matangi ya sianidi, ambayo wengine huiita sayanaidi, na tungefanya vema kukubaliana juu ya umbo moja. Njia hiyo ilivumbuliwa Glasgow mwaka 1887 na John Stewart MacArthur pamoja na ndugu wawili wa jina la Forrest, na katika miaka michache iligeuza machimbo ya Afrika Kusini. Sianidi huiyeyusha dhahabu hata ile isiyoonekana, kisha dhahabu hunaswa kwa kaboni. Kwa mawe yanayofaa na kazi iliyofanywa vizuri, njia hiyo huweza kutoa sehemu tisa katika kila kumi. Lakini hutaka matangi, maji, dawa, fundi mwenye elimu na siku nyingi za kungoja.

Tuseme basi tani moja ya mawe ina gramu kumi za dhahabu. Mwenye zebaki hupata gramu tatu au nne leo jioni. Mwenye sianidi, kama angelipewa mawe yale yale, angepata gramu tisa baada ya majuma kadhaa. Ni njia ipi yenye tija kubwa zaidi? Mwalimu akiwauliza wanafunzi wake swali hili, wengi watajibu sianidi mara moja. Yafaa awarudishe nyuma. Kwa kila tani ya mawe, sianidi imeshinda. Kwa kila siku ya kungoja, huenda zebaki imeshinda. Kwa kila shilingi iliyotangulia kutolewa, mtu asiye na shilingi hana hata nafasi ya kushindana. Na kwa kila mtu, jibu hutegemea kama tumewahesabu walioyachimba mawe, au tumewahesabu waliokaa kwenye matangi tu. Neno tija bila kutaja kigawanyo chake ni kama bei bila kutaja kama ni ya debe au ya kibaba.

Wakulima wa pamba wa Shinyanga wanalijua jambo hili. Mwenye plau na jozi ya ng'ombe aweza kupata pamba nyingi kuliko jirani yake wa jembe la mkono ikiwa tunagawanya kwa watu, na kupata kidogo kuliko jirani huyo ikiwa tunagawanya kwa ekari. Bwana shamba akiandika kwamba mmoja ana tija na mwingine hana, bado hajaandika kitu.

Turudi machimboni. Watu wengi wanaofanya kazi kwenye maduara hawalipwi kwa siku. Hulipwa kwa mgawo: mifuko ya mawe hugawanywa baina ya mwenye leseni, mwenye duara na wafanyakazi, kwa kadiri walivyopatana. Kwa hiyo kipimo cha kazi ya mchimbaji ni mfuko. Lakini mfuko ni wa mawe, si wa dhahabu. Kikundi kimoja chaweza kutoa mifuko mia na kupata kidogo, na kingine mifuko kumi na kupata kingi. Wachimbaji wenyewe hawadanganyiki. Hulitazama jiwe, hulisaga kidogo na kulijaribu kwenye karai kabla ya kukubali mgawo. Wanaodanganyika ni wale wanaokaa mbali na kusoma hesabu ya mifuko.

Hapa ndipo waundaji wa programu wanapoingia katika habari yetu, maana nao wamepimwa kwa mifuko. Kwa muda mrefu matunda ya kazi yao yalihesabiwa kwa mistari ya maelekezo waliyoiandikia mashine. Mtu aliyeandika mistari elfu moja alionekana amefanya kazi mara mbili ya aliyeandika mia tano. Lakini ikiwa mistari ile mia tano inafanya kazi ile ile, tena kwa usalama zaidi, basi wa pili ndiye aliyefika kwenye dhahabu na wa kwanza amebeba mawe. Lugha za programu hutofautiana hasa katika jambo hili: mojawapo hudai maneno mengi ili kusema jambo dogo, nyingine hudai machache. Kuzilinganisha kwa mistari ni sawa na kulinganisha mgodi wa shimo wazi na duara la mshipa kwa tani za mwamba uliovunjwa.

Jaribio mashuhuri la kuwapima watu hao lilitangazwa Marekani mwaka 1968 na H. Sackman, W. J. Erikson na E. E. Grant. Walitaka kulinganisha njia mbili zilizoshindana wakati ule za kuitumia kompyuta: mtu kukaa na kusemezana na mashine moja kwa moja, au kuiacha kazi yake na kurudi baadaye kuchukua majibu. Walitazamia kuona tofauti baina ya njia. Wakaona tofauti kubwa mno baina ya watu. Katika kuyasaka makosa ya programu moja, mmoja alitumia saa 6 na mwingine saa 170. Uwiano huo, wa mtu mmoja kuwashinda ishirini na wanane, ulienea duniani kote, na mpaka leo hunukuliwa na wakubwa wanaotaka kuthibitisha kwamba mfanyakazi bora ni wa kuzaliwa. Baadaye wachunguzi walirudi kwenye takwimu zile zile wakaona kwamba katika hesabu hiyo walikuwa wamechanganywa watu waliotumia njia mbili tofauti, na hata lugha tofauti za kuiamuru mashine. Sehemu ya tofauti iliyobandikwa kwa mtu ilikuwa ya chombo alichopewa.

Nasema wazi kwamba kosa hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mengine yote katika tafsiri zetu. Kiswahili kinaruhusu kuandika tija ya mfanyakazi bila kuonyesha kama tija hiyo imetoka katika mikono yake au katika mtambo. Kiambishi cha umilikaji humkabidhi yeye yote, sifa na lawama. Mwenye zebaki akiambiwa tija yake ni ndogo, asikiaye hufahamu kwamba ni mvivu au mjinga, ilhali amefanya kwa ustadi wote kile ambacho zebaki inaweza kufanya.

Liko kosa la pili, la kuamini kilichoandikwa kitabuni. Mwaka 1990 Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa bei iliyokaribia ile ya soko, dhahabu iliyoingia katika takwimu za taifa iliongezeka ghafla. Mashimo yalikuwa yale yale na makarai yale yale. Kilichokuwa kikipita vichochoroni kilianza kupita mlangoni, na mpango huo ulipolegea katikati ya miaka ya 1990, takwimu nazo zikashuka. Anayesoma jedwali tu ataandika kwamba uzalishaji ulipanda na kushuka. Iliyopanda na kushuka ni idadi ya waliosema kweli. Masoko ya madini yaliyofunguliwa tangu Machi 2019, la kwanza likiwa Geita, yanahitaji kusomwa kwa tahadhari hiyo hiyo, ingawa mimi ni miongoni mwa wanaoyasifu.

Wapimaji wa programu hawakusalimika. Mwaka 2000 mtaalamu wa Kijerumani Lutz Prechelt alitangaza matokeo ya kulinganisha programu 80 zilizofanya kazi moja, zilizoandikwa kwa lugha saba. Wale waliotumia lugha nyepesi za kisasa walionekana wametumia nusu tu ya muda wa wenzao, au chini ya hapo. Lakini yeye mwenyewe alieleza bila kuficha kwamba waliotumia lugha nzito walikuwa wanafunzi waliosimamiwa na kupimwa, na waliotumia lugha nyepesi walijitolea kutoka mbali na kutaja wenyewe muda walioutumia. Ni sawa na kulinganisha dhahabu iliyopimwa kwenye mizani ya mgodi na ile anayoisema mchimbaji kwa mdomo. Tena alikuta kwamba watu waliotumia lugha moja walitofautiana wao kwa wao kuliko lugha zilivyotofautiana. Uungwana wa mpimaji kama huyo ni wa kusifiwa. Wanaomnukuu hawana kawaida ya kuutafsiri.

Nchi yetu yenyewe ina kisa chake. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Hazina mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya hesabu za Serikali kuvurugika katika kuhamia mashine mpya, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na marufuku hiyo ililegezwa polepole tu katika miaka iliyofuata. Sikusudii kuwahukumu waliokata shauri hilo. Fedha za kigeni zilikuwa haba na hasara ilikuwa ya kweli. Ninachokitazama ni lugha. Chombo kilihukumiwa kwa matokeo ya siku za mpito, wakati ambapo watu walikuwa hawajakizoea, na katika maneno yetu ya wakati ule hapakuwa na njia nyepesi ya kutofautisha mashine mbaya, mafunzo mabaya na mpango mbaya. Vyote vilikuwa kitu kimoja kisichofaa.

Neno likipotoka machimboni, hasara yake huweza kuwa kubwa kuliko ya mashine. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wilayani Kahama, ili kupisha kampuni iliyokuwa na leseni. Idadi yao na mambo yaliyotokea katika kuondolewa kwao yamebishaniwa miaka mingi, ndani na nje ya nchi, wala si kazi ya makala haya kuyaamua. Mgodi mkubwa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001. Nataka tu kuonyesha jinsi mizani inavyoelemea upande mmoja kabla ya hoja kuanza. Tukisema mgodi una tija zaidi na kigawanyo chetu ni mfanyakazi, tumesema kweli, kwa kuwa mgodi wa mitambo huajiri watu wachache kwa dhahabu nyingi. Tukibadili kigawanyo kikawa kaya zinazokula kutokana na kila kilo, jibu hugeuka. Hakuna aliyeongopa. Lakini mwenye kuchagua kigawanyo amekwisha kuchagua mshindi, na kama kigawanyo hakikuandikwa, msomaji hajui kwamba pamefanywa uchaguzi. Juu ya hayo, mtu yule yule huitwa mchimbaji mdogo katika waraka mmoja na mvamizi katika mwingine. Mchimbaji mdogo ana nafasi ya kuulizwa tija yake. Mvamizi huulizwa anaondoka lini.

Kisa cha makinikia kiko karibu zaidi na kumbukumbu za wasomaji. Machi 2017 Rais John Magufuli alizuia kusafirishwa nje kwa shehena za migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, na kontena 277 zikashikiliwa bandarini Dar es Salaam. Magazeti yaliziita shehena hizo mchanga wa dhahabu. Jina hilo lilikuwa na kasoro kubwa, kwani liliwafanya watu wengi waone kana kwamba udongo ulikuwa ukizolewa shimoni na kutiwa melini. Kwa hakika ulikuwa mchanga uliokwisha kuchenjuliwa mpaka shaba, dhahabu na fedha zikasongamana ndani yake. Neno makinikia likaja kushika mahali pake, na kwa majuma machache likawa midomoni mwa kila mtu. Mimi sikulipenda, na sina budi kusema kwa nini. Makinika ni kutulia na kukusanya mawazo. Naona limevutwa kutoka katika neno la Kiingereza lenye maana mbili, moja ya akili na moja ya kemia, na mtunzi akaifasiri ile ya akili. Hata hivyo neno likishakubaliwa na umma, mwanaistilahi hana mamlaka ya kulirudisha, na leo nalitumia kama wengine.

Ugomvi wenyewe ulihusu kipimo. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilitaarifu Mei 2017 kwamba katika kontena hizo mlikuwa na dhahabu tani 7.8, ilhali hesabu iliyokuwa imetangulia kuandikwa ilikuwa tani 1.2 hivi. Kampuni ilikana. Mabishano hayo yaliishia katika mapatano ya 2019 na 2020 na kuundwa kwa Kampuni ya Twiga, ambamo Serikali ina hisa 16 kwa mia. Mfasiri aliyekuwa akihudumu wakati ule alihitaji kutofautisha dhahabu iliyomo katika mawe, dhahabu iliyomo katika makinikia, na dhahabu iliyopatikana baada ya kuyeyushwa. Kwa yote matatu baadhi ya nyaraka ziliandika neno moja tu: uzalishaji.

Hata wakia ina mtego wake. Wakia ya pwani, iliyokaribiana na uzito wa reale moja ya fedha, ni gramu 28 hivi, kama ilivyo wakia ya kawaida ya Kiingereza. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1. Anayefasiri taarifa ya wakia 100,000 kwa kutumia wakia ya dukani atapata kilo 2,835 mahali pa kilo 3,110, na kilo 275 za dhahabu zitakuwa zimepotea pasipo mwizi.

Kutokana na hayo napendekeza kwa wafasiri matumizi yafuatayo, mpaka hapo wenye mamlaka watakapoamua vingine. Uzalishaji ubaki kuwa jumla ya kilichopatikana. Ufanisi utumike pale tunapolinganisha kilichopatikana na kile kilichokuwamo, kwa mfano gramu tisa katika kumi. Ufanisi wa sianidi ni mkubwa kuliko wa zebaki, na sentensi hiyo haimtukani mtu. Tija iwe uwiano wa kilichopatikana na kilichotolewa, na isiandikwe katika waraka rasmi bila kigawanyo chake: tija kwa saa, tija kwa mtu, tija kwa shilingi. Na pale watu wanapolinganishwa wakiwa na vyombo mbalimbali, iandikwe tija ya mtu kwa chombo fulani. Ni ndefu kidogo, lakini haimwonei mtu.

Kwa mizani hiyo waraka ule wa lugha za programu hufasirika. Januari 2007, mjini Nuremberg, yalifanyika mashindano ambamo vikundi tisa vya watu watatu watatu, vitatu vikitumia Java, vitatu Perl na vitatu PHP, vilipewa saa 30 kujenga mfumo mmoja wa intaneti kwa maelezo yale yale. Saa zilikuwa moja, kazi ilikuwa moja, watu walikuwa mafundi wa kulipwa. Kigawanyo kilishikwa kisiteleze. Moja ya mambo yaliyoonekana ni kwamba vikundi vya PHP vilifanana vyenyewe kwa vyenyewe zaidi kuliko vya lugha nyingine. Hilo si tija, si ufanisi, si uzalishaji. Ni sifa ya nne, ya chombo kinachowafanya watu mbalimbali watoe kazi inayokaribiana, na Kiswahili hakijaipa jina. Mwenye karasha huijua vizuri. Atakwambia mtambo wake huu husaga sawasawa hata akiendesha kijana wa jana, na ule mwingine humtaka fundi. Nilipomwuliza mmoja wao hali hiyo huitwaje, alijibu kwamba mtambo wa kwanza umetulia.